Jeraha la kidole, darasa la miguu

*Kila anayekwea miamba kwa muda mrefu hufikiwa na siku ambayo mwili unakataa. Apumzike kabisa au aendelee taratibu? Swali hilo linawagawanya wakweaji, makocha na matabibu.*

Mlio ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa chini ya blanketi. Nilikuwa mita kama nane juu ya ardhi huko Lukenya, mguu wa kushoto hewani, uzito wangu wote ukiwa kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ukingo wa jiwe nilioushika haukuzidi unene wa penseli. Nikasikia "tak", kisha joto likapanda kutoka kidole cha pete hadi kwenye kifundo cha mkono.

Mwenzangu aliyenishikia kamba kule chini aliusikia pia. Aliniteremsha bila kuuliza.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua halijaanza kuuchoma mwamba. Nilikaa chini ya mgunga nikakijaribu kidole. Kilikunjika, ila palikuwa na uchungu mahali pamoja tu, kwenye kitako cha kidole upande wa kiganja, padogo kiasi kwamba punje ya hindi ingepafunika.

Nikakizungushia tepu, nikapanda tena. Wenzangu walinipigia makofi. Jioni, njiani kurudi Nairobi, sikuweza kufungua chupa ya maji.

Pete ndani ya kidole

Kidole chenyewe hakina msuli wa kukikunja. Misuli inayofanya kazi hiyo iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, nayo huvuta kano ndefu zinazopita kiganjani hadi kwenye ncha za vidole. Ili kano hizo zisiachane na mfupa kidole kinapokunjwa, zimefungwa kwa vikanda vigumu vinavyozunguka kama pete. Fundi baiskeli ataelewa upesi: waya wa breki hushikiliwa na vibanio kwenye fremu, kibanio kikikatika, waya hutuna kama upinde na breki hulegea.

Kila kidole, ukiacha gumba, kina pete kuu tano, na madaktari wamezipa namba. Ya pili, iliyo karibu na kitako cha kidole, ndiyo inayochanika mara nyingi zaidi kwa wakweaji, hasa kwenye kidole cha pete na cha kati. Mshiko unaoiponza ni ule wa kukunja vidole kwa pembe kali juu ya ukingo mwembamba, gumba likilazwa juu yake. Hapo pete hubanwa kwa nguvu inayozidi mara kadhaa uzito ulio kwenye ncha ya kidole. Mkono ukiwa wazi zaidi, vidole vimenyooka kiasi, mzigo huo hushuka sana.

Volker Schöffl, daktari wa Bamberg nchini Ujerumani ambaye mwenyewe ni mkweaji, alichapisha na wenzake mwaka 2003 mgawanyo wa majeraha haya katika madaraja manne. Daraja la kwanza na la pili ni pete iliyovutwa au kuchanika kidogo. Mtu hurudi kwenye ukweaji wa kawaida baada ya wiki 6 hivi. La tatu ni pete iliyokatika kabisa, na hudai takriban miezi 3. La nne ni pete zaidi ya moja zilizokatika, au moja iliyokatika pamoja na madhara mengine. Huko kisu cha daktari huhitajika, na safari ya kurudi ni ya miezi 6.

Madaraja matatu kati ya hayo manne hayahitaji upasuaji. Natamani kila mkweaji alijue hilo siku anapousikia mlio, kwa sababu hofu ya kisu ndiyo inayowafanya wengi wafiche kidole badala ya kukipeleka kikaonwe.

> Msuli huongezeka nguvu kwa wiki. Kano na pete zake hudai miezi, pengine miaka.

Kuna jambo la kusikitisha katika mpangilio huu. Anayeumia mara nyingi si mzembe. Ni yule mwenye bidii, anayefanya mazoezi mara nne kwa wiki na kusifiwa kwa kupanda daraja upesi. Misuli yake imeshakuwa ya mtu mwingine, ilhali pete za vidole, ambazo hupata damu kidogo na kujijenga polepole, bado ni za yule wa mwaka jana.

Barafu na kitanda

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin aliandika katika kitabu chake cha tiba ya michezo maagizo manne kwa aliyeumia: pumzika, weka barafu, bana, inua. Maagizo hayo yalienea duniani kote, yakaingia kwenye masanduku ya huduma ya kwanza na kwenye vichwa vya walimu wa michezo. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe alijisahihisha hadharani, akisema barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Namheshimu mtu anayeweza kufanya hivyo baada ya miaka 36.

Upande wa pili ulipata nguvu kutokana na kisa cha Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa mifupa huko Umeå, kaskazini mwa Uswidi. Katika miaka ya 1990 alisumbuliwa na kano ya kisigino. Alimwomba mkuu wake amfanyie upasuaji, akakataliwa. Basi Alfredson akaamua kuitesa kano hiyo hadi ikatike, ili upasuaji usiepukike. Akawa anasimama ukingoni mwa ngazi, anashusha kisigino kwa uzito wake wote, mara nyingi kila siku. Kano haikukatika. Maumivu ndiyo yaliyoondoka.

Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya wakimbiaji 15 wa kawaida waliofanya zoezi hilo mara 180 kwa siku kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Tangu hapo ni vigumu kumpata mtaalamu wa viungo anayehudumia wanariadha asiyelijua zoezi hilo la ngazi.

Wakweaji waliposikia habari hizo, baadhi yao walizipokea kwa pupa. Kano inataka mzigo, wakasema, basi tuipe mzigo. Hapo wanakosea. Kano iliyochoka kwa miaka si sawa na pete iliyochanika jana. Iliyochanika inahitaji kwanza siku za utulivu, mara nyingi ikiwa ndani ya pete ya plastiki inayotengenezwa kwa kipimo cha kidole, ndipo mzigo uanze kurudi kwa kiasi kidogo mno.

Upande wa mapumziko nao una kosa lake, na mimi nimelilipia. Nilipokwenda hospitali moja, nilipigwa eksirei, nikaambiwa mfupa ni mzima, nirudi nyumbani nipumzike. Eksirei huonyesha mfupa. Pete hizi huonekana kwa ultrasaundi. Nilipumzika wiki tatu bila kugusa chochote, uchungu ukaisha, nikarudi Lukenya na kushika ukingo uleule. Kidole kilikuwa hakiumi tena, lakini hakikuwa na nguvu yoyote. Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Jeraha la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Makofi

Wenzangu walionipigia makofi ni watu wema. Walikuwa wakisifu kile tulichofundishwa sote kukisifu tangu utotoni: mwanamume halii, mtoto wa kike jikaze, aliyeanguka ainuke aendelee. Kwenye mwamba sifa hiyo ina sumu. Mkweaji anayesema kidole kinamuuma huonekana anatafuta kisingizio cha kutopanda.

Mtaalamu wa viungo niliyempata baadaye alinipa kipimo chepesi. Nitaje maumivu kwa namba, kuanzia 0 hadi 10. Wakati wa zoezi yasipite 3, na asubuhi ya pili kidole kisiwe kibaya zaidi ya jana. Kikiwa kibaya zaidi, nipunguze. Ndivyo nilivyoishi kwa miezi minne, nikiandika namba kwenye daftari kila jioni. Sijawahi kufanya zoezi gumu zaidi ya hilo, kwa sababu lilinidai ukweli kila siku.

Na kwa kuwa mkono ulikuwa umefungiwa, ilinibidi nitafute kazi nyingine ya kufanya kwenye mwamba. Nikaanza kuangalia miguu.

Miaka yote nilikuwa nikipanda kwa mikono, miguu ikifuata kama mkia. Sasa nilipanda njia za mteremko, zisizosimama wima, ambazo zamani nilizidharau. Nilitua ncha ya kiatu mara moja, bila kuirudiarudia. Nilisogeza nyonga karibu na jiwe kabla ya kunyoosha mkono. Nilijifunza kusimama na kupumua mahali ambapo zamani ningejivuta kwa pupa. Baada ya miezi mitatu nilimaliza njia ambayo ilinishinda nilipokuwa na vidole vizima.

Kidole cha shahada

Mtu aliyelipitia jambo hili kwa kiwango cha juu kuliko wote ni mkweaji Tommy Caldwell wa Estes Park, Colorado. Mwezi Novemba 2001, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa akikarabati nyumba yake kwa msumeno wa meza. Msumeno ukamkata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Madaktari walikiunganisha tena, lakini kingebaki kigumu na dhaifu, kikivizuia vingine. Caldwell akaomba kiondolewe. Aliambiwa atafute kazi nyingine.

Tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa mkweaji, kukosa kimoja ni kama kukosa mkono: kidole cha shahada na gumba ndivyo vinavyobana jiwe. Caldwell alirudi kwenye ukuta mara jeraha lilipofunga. Vishikio vidogo ambavyo zamani alivivuta kwa nguvu sasa vilimkatalia. Ikambidi apange upya kila mjongeo: mguu uende wapi, kiwiliwili kizunguke vipi, uzito uhamie upande gani kabla ya mkono kuinuka.

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba ari peke yake ilimwinua. Mimi naona kazi ya mikono na akili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi asiye na koleo lazima ajifunze kugeuza chuma kwa namna nyingine, na kujifunza huko kunachukua muda.

Mwaka 2005, miaka minne baada ya msumeno, Caldwell alikwea njia mbili ndefu za jabali la El Capitan huko Yosemite, Marekani, Nose na Freerider, ndani ya saa 24. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo, mwenye vidole kumi wala tisa. Mwaka 2007 akaanza kuichunguza sehemu ya El Capitan iitwayo Dawn Wall, ukuta laini wa takriban mita 900 ambao haukuwa umekwewa kwa mikono na miguu tu, kamba ikiwa ya kumzuia mkweaji asianguke tu. Mkweaji mwenzake, Kevin Jorgeson, alijiunga naye mwaka 2009.

Walianza jaribio la mwisho tarehe 27 Desemba 2014. Walilala kwenye vitanda vya kuning'inia, wakapanda usiku kwa taa za kichwani, kwa kuwa baridi huufanya mwamba ushikike zaidi. Kisha ngozi ya vidole vya Jorgeson ikachanika kwenye sehemu ya 15 ya njia hiyo. Kwa muda wa wiki moja hivi alijaribu, akaanguka, akapumzika, akaacha ngozi ifunge, akajaribu tena. Caldwell angeweza kumaliza peke yake. Alimsubiri. Tarehe 14 Januari 2015, siku ya 19, wote wawili walisimama kileleni.

> Caldwell angeweza kumaliza peke yake. Alimsubiri.

Kwangu siku zile za kusubiri ndizo zenye somo kubwa zaidi la kisa kizima. Watu wawili wenye uwezo kuliko karibu wote duniani walikaa juu ya ukuta wakingoja ngozi ikue.

Fundo ambalo halikukamilika

Lynn Hill alikuwa miongoni mwa wakweaji bora kabisa duniani alipofika Buoux, kusini mwa Ufaransa, mwezi Mei 1989. Alianza kufunga kamba kwenye mkanda wa kiunoni, akaacha fundo bila kulikamilisha, akageukia jambo jingine. Alipanda hadi juu. Alipoegemea kamba ili ateremshwe, fundo likafunguka. Alianguka zaidi ya mita 20, matawi ya mti yakampunguzia kishindo. Kiwiko kiliteguka, mfupa wa mguu ukavunjika.

Mwaka uliofuata alikuwa amerudi mashindanoni akishinda. Mwaka 1993 akawa mtu wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kuikwea Nose yote kwa mikono na miguu tu, na mwaka 1994 akairudia ndani ya siku moja. Tangu nisome habari zake, nalishika fundo langu na la mwenzangu kabla ya kila safari. Silitazami tu, nalishika.

Hugh Herr naye alikuwa na miaka 17 alipopotea kwenye tufani ya theluji huko Mount Washington, Marekani, Januari 1982. Miguu yote miwili ilikatwa chini ya magoti kwa sababu ya baridi kali. Albert Dow, aliyejitolea kumtafuta, alifunikwa na poromoko la theluji akafa. Herr alijitengenezea miguu ya bandia: nyayo ndogo za kusimama kwenye kingo nyembamba, nyingine zenye ncha za kuingia kwenye nyufa, na urefu unaobadilishwa. Akakwea njia ngumu kuliko alizokwea akiwa na miguu yake. Leo ni profesa wa chuo kikuu cha MIT na anatengeneza viungo bandia kwa ajili ya wengine.

Mbali na msaada

Kifo cha Dow kinatukumbusha jambo tunalolijua vizuri hapa Kenya. Mwezi Septemba 1970, Gert Judmaier na Oswald Oelz, madaktari wawili kutoka Austria, walifika kilele cha Batian cha Mlima Kenya, mita 5,199. Walipoanza kushuka jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya, mfupa ukatokeza nje. Wanachama wa Klabu ya Milima ya Kenya walipanda kumfikia, na waokoaji wa Austria wakaletwa kwa ndege. Uokoaji wote ulichukua zaidi ya wiki moja. Judmaier alipona. Rubani wa helikopta iliyokuwa ikileta vifaa, Jim Hastings, alikufa ilipoanguka.

Anayekwea akiwa na kiungo kisichoaminika hajihatarishi peke yake. Kuna aliye upande wa pili wa kamba.

Wapo pia ambao hawana fursa ya kuchagua. Kiongozi anayewapandisha wageni Nelion, kilele kingine cha Mlima Kenya, hulipwa kwa safari. Akikaa nyumbani miezi 3 kuuguza pete ya kidole, hakuna mshahara unaoingia, na karo ya shule haisubiri. Kumwambia apumzike bila kuuliza atakula nini ni ushauri nusu. Nadhani kampuni zinazonufaika na mikono yake zinapaswa kumchangia bima inayolipa siku za kuuguza, au walau kumpa kazi ya kuongoza njia za kutembea hadi apone.

Vidole vya watoto

Tangu ukweaji uingie kwenye Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021, vijana wengi wamevutiwa nao. Nafurahi kuwaona kwenye kuta za mazoezi za Nairobi, na nina wasiwasi nao.

Mwaka 1988 Mjerumani Wolfgang Güllich alitengeneza ubao wa vijiti vya mbao ambao mkweaji huupanda kwa vidole tu, miguu ikining'inia. Ubao wa namna hiyo umeenea kote. Kwa mtu mzima aliyekomaa ni chombo chenye faida. Kwa kijana anayekua ni hatari, kwa sababu sehemu ya mfupa wa kidole inayorefuka bado ni laini, na huvunjika kabla ya pete kuchanika. Huvunjika polepole, bila mlio. Kidole kinavimba kwenye kiungo cha katikati, kinauma wiki baada ya wiki, na kikiachwa kinaweza kubaki kimepinda maisha yote. Tofauti na jeraha langu, hilo kwa kawaida huonekana kwenye eksirei.

Nilikutana na mvulana wa miaka 14 ambaye alikuwa bora kuliko watu wazima wote ukumbini. Kila alipoteremka alitia mkono wa kushoto mfukoni. Nilimwomba anionyeshe. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akautoa, na kidole cha kati kilikuwa kinene kama cha baba yake. Alikuwa amekificha kwa miezi miwili, akiogopa mama yake atamzuia kuja.

Nilimpigia mama yule simu nikiwa na kijana pembeni. Tulizungumza kwa muda mrefu. Nilimwahidi kwamba daktari akimpa ruhusa ya kukwea bila kutumia mkono huo, nitamfundisha mimi mwenyewe.

Ruhusa ilikuja, kwa masharti. Jumamosi iliyopita tulikuwa Lukenya, kwenye jabali la mteremko mpole, refu kidogo kuliko mimi, chini ya mgunga uleule. Nilimwambia aweke mikono yote miwili mgongoni na apande kwa miguu peke yake. Aliteleza mara nne. Mara ya tano alisimama katikati ya jiwe, akautazama unyayo wake, akausogeza upana wa kidole kimoja kwenda kulia, na akainuka.